Kopo la Mama Mkubwa

Mama mkubwa, dada yake mama, hana habari na mizani. Mbolea anapima kwa kopo: kopo moja kwa tuta moja la mboga, basi. Majirani wanamwita Bi Kopo, naye jina hilo linamkaa. Ni mbishi wa kupindukia, na mimi nampenda hivyohivyo.

Shamba lake liko juu, bwawa la samaki la mama liko chini, na mfereji mmoja unayaunganisha. Mwaka juzi maji ya bwawa yalianza kugeuka kijani. Mwaka jana samaki wote wakaelea, matumbo juu. Mama alilia kwa sauti. Akatia vifaranga wapya, akaapa hao wakifa anafukia bwawa.

Bwana shamba alipima maji, akatikisa kichwa. "Naitrojeni imezidi. Mvua inaisomba mbolea kutoka huko juu, ukijani unastawi, ukioza unamaliza hewa ya samaki."

"Yaani mimi ndiye nimeua samaki wa mdogo wangu?" mama mkubwa akafoka. "Kopo moja tu, tangu nianze kulima!"

Wakanuniana miezi miwili. Kuwaona wakipishana bila salamu kuliniuma kuliko hao samaki.

Siku moja nikawa namsaidia mama mkubwa kusafisha stoo. Nyuma ya majembe nikaokota kopo dogo lenye kutu.

"Hili la nini, mama mkubwa?"

"La mbolea, la zamani. Lilitoboka mwaka juzi, nikachukua hili la rangi..."

Akaziba tundu kwa kidole, akachota mchanga, akamimina kwenye kopo la rangi. Mara moja. Mara mbili. Lilijaa mara ya tatu. Akakaa chini palepale.

Alilibeba kopo bovu mpaka kwa mama. "Mdogo wangu, kosa ni langu. Nilibadilisha kopo, hesabu nikaiacha ileile."

"Na ubishi wote ule!" mama akasema, akaangua kicheko huku machozi yanamtoka. Kopo likapelekwa kwa fundi bati, likazibwa.

Sasa mbolea ni theluthi ya ile ya kopo la rangi, na kando ya mfereji kuna majani mazito ya kuchuja maji. Mboga zinastawi vilevile, jambo linalomuudhi kidogo mama mkubwa. Maji ya bwawa yameanza kuangaza, na vifaranga wanaonekana wakikimbizana.

Kila asubuhi mama mkubwa hupita bwawani kwanza, anasimama ukingoni, midomo ikimchezacheza.

"Dada, hao hawahesabiki," mama humwambia.

"Niache nihesabu," hujibu.