Hildegardi Huonja Kwanza

Hildegardi Ndunguru hakuwahi kumpa mtu kinywaji ambacho yeye mwenyewe hajakionja. Kwao Mbuji, kijiji cha Wamatengo, ndivyo alivyolelewa: mwenye pombe anachota, anapiga funda moja mbele ya mgeni, anameza, anafuta ukingo wa kata kwa kiganja, ndipo anakabidhi. Maana yake haihitaji mkalimani. Kitu hiki ni kizima, na mimi sina kinyongo nawe. Anayekupa bila kuonja, huyo ndiye wa kumwogopa. Pombe yake ya ulezi ilitafutwa kwenye kila harusi na kila komunio ya kwanza, na watu walisema ulimi wa Hildegardi haudanganyi. Mali nyingine ya kujivunia hakuwa nayo. Alikuwa na jina.

Basi sikilizeni jinsi jina hilo lilivyotaka kuvunjwa kwa chupa moja ya divai.

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya ushirika, pale Mbinga mjini. Soko huria lilipokuja na ushirika ukaishiwa pumzi, kampuni moja ya kununua kahawa ikaipanga ile nyumba, na Hildegardi akarithiwa pamoja na masufuria. Meneja wake mpya, Nathanieli, alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo kutoka Dar es Salaam. Tangu siku ya kwanza hakumwamkia. Mama wa miaka hamsini na miwili! Shikamoo haigharimu hata senti, lakini kwake ilikuwa ghali. Alisema tu, "Mama, chai."

Huyu Nathanieli alipenda divai nyekundu ya Afrika Kusini iitwayo merlo. Alieleza kuwa merlo ni jina la zabibu zenyewe, kwamba ni laini kuliko nyingine, na kwamba dunia nzima inaipenda. Siku ya Pasaka alifurahi akammiminia mpishi wake glasi. Hildegardi akaonja, akakunja uso, maana ilimkausha ulimi kama ndizi mbichi. Akaenda jikoni akatia vijiko viwili vya sukari, ikawa mbaya zaidi. Meneja alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, hii sio togwa! Inuse kwanza. Kunywa kidogo, halafu kula, halafu unywe tena."

Hildegardi akatafuna kipande cha nguruwe wa kuchoma, akanywa. Kumbe! Ule ukavu ulitulia, zikaja zambarau zilizoiva, na nyuma yake moshi kidogo wa kuni. Akafumba macho. Tangu hapo mabaki ya kila chupa yalikuwa yake, kwa ruhusa ya meneja mwenyewe, na kila mara aliyanusa na kuyapima, hata akaweza kujua chupa ipi ilifunguliwa jana na ipi juzi. Na kitu kimoja kilimfurahisha kuliko vyote. Kila chupa ilipofunguliwa, meneja alijimiminia kidogo, akanusa, akaonja, akatikisa kichwa kukubali, ndipo akawapa wageni. Hildegardi akasema moyoni, hawa nao wana mila kama yetu.

Sanduku la mwisho lililetwa kabla ya masika, likawekwa stoo chini ya mabati, chupa zimesimama wima kwenye joto la kuunguza. Hildegardi alisema mara mbili. "Bwana Meneja, hata pombe ya ulezi haikai pale."

"Mama, wewe pika."

Akapika.

Sasa ikaja Jumamosi moja ya msimu wa tisini na sita. Walifika waonjaji wawili wa kahawa kutoka makao makuu ya kampuni, na asubuhi nzima walikuwa mezani na vikombe vyeupe, wanafyonza kwa kijiko kwa sauti ya kuudhi, wanatema kwenye ndoo, wanaandika. Wakulima wa Mbuji walikuwa wamekaa uani juu ya magunia yao wakingoja hukumu, na Urbani, mume wa Hildegardi, alikuwa miongoni mwao. Saa sita hukumu ikatangazwa. Kahawa ya Mbuji ina uchachu. Daraja la chini. Hakuna aliyebisha, maana nani atabishana na ulimi wa mtaalamu? Mwaka mzima wa kupalilia, kuchuma na kuanika ukateremshwa bei kwa neno moja.

Wakubwa wakakaa barazani kula, mbele ya macho ya watu wale wale. Siku hiyo meneja alikuwa na hadithi ndefu ya kusimulia, kwa hiyo akamwachia Hildegardi afungue divai. Alifungua. Na kwa heshima yote aliyofundishwa na mama yake, akasimama wima mbele ya wageni, akamimina kidogo, akapiga funda.

Siki. Siki tupu, ya kutilia kachumbari.

"Bwana Meneja," alisema kwa sauti ya chini, "hii imeharibika. Wasinywe."

Meneja alitazama ile glasi mkononi mwa Hildegardi, si chupa. "Unakunywa divai ya wageni? Mbele yangu?" Akampokonya chupa, akawamiminia wageni mwenyewe kwa hasira, bila kuonja. Wale mabwana wakanywa. Mmoja akapepesa macho, akameza kwa shida, akasema, "Nzuri. Nzuri sana, ina uhai."

Hapo meneja akasimama akapaza sauti mpaka uani. "Toka! Siwezi kufuga mwizi na mlevi jikoni kwangu! Ndiyo maana chupa zinaisha!"

Mwizi. Mlevi. Mbele ya mumewe, mbele ya majirani, watu watakaoyabeba maneno hayo mpaka Mbuji kabla jua halijazama. Nani tena angempa ulezi wa harusi? Nani angenywa kwenye kata yake? Akionja meneja ni ustaarabu, akionja Hildegardi ni wizi! Aliteremka ngazi mbili, na ya tatu ikamshinda. Damu ilimchemka. Akageuka, akarudi barazani, akaichukua chupa ile ile na glasi safi, akaja nayo mpaka ukingoni ambapo watu wote wanaona.

"Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni," alisema. Akamimina, akanywa funda moja, akameza, akafuta ukingo kwa kiganja, akamnyooshea meneja. "Sasa wewe, baba."

Kila Mmatengo pale uani alielewa kinachofanyika. Aliyenyooshewa kata namna hiyo hawezi kuikataa bila kujihukumu. Nathanieli naye aliyaona macho ya watu, akaipokea, akaimaliza kwa mkupuo. Machozi yalimlenga.

"Nzuri tu," alisema.

"Vizuri. Basi karibu nyingine." Akaijaza mpaka juu.

Meneja akaitazama, akaisukuma kando.

"Mbona huinywi? Kama ni nzuri, kunywa. Kama ni mbaya, sema."

"Imeharibika," alinong'ona.

"Sikuajiriwa kusikiliza minong'ono. Waambie wale ulioniita mwizi mbele yao."

"Imeharibika!"

Hildegardi akaiweka chupa mezani, akafungua aproni ya kampuni, akaikunja vizuri, akaiweka kando yake. Alishuka ngazi zote safari hii, na wanaume wakasogeza magunia kumpisha.

Urbani ni mtu asiyesema. Katika ndoa ya miaka thelathini hakuwahi kupaza sauti mbele ya wakubwa. Siku hiyo alisimama juu ya gunia lake, akavua kofia, akawaelekea wale waonjaji wawili, ambao glasi zao zilikuwa zimebaki nusu.

"Mabwana," aliuliza, "na kahawa yetu mliionja kwa ndimi hizo hizo?"