Binti wa Kisimani na Kibali Nilichokizuia

Siku moja ya utumishi wangu, mwanangu, naikumbuka kuliko zote. Nilikuwa afisa utamaduni kijana hapa Bagamoyo, na Zuhura, mwandishi wa tamthilia, aliniletea mchezo wake nimpe kibali. Aliutoa katika hadithi ya kale ya binti wa jumbe aliyetolewa kwa joka la kisimani ili mvua inyeshe. Katika mchezo wake binti alikataa, akamuuliza baba yake: "Mbona hukumtoa kaka?"

Nikamnyima kibali. Wasemao barazani kwamba niliwachukia wanawake wanakosea, nami nakanusha rasmi. Sababu ilikuwa jalada la ofisi la hadithi za kale, nililoliandika mwenyewe; lilisema binti alikwenda kimya.

"Basi, Bwana Afisa," akasema Zuhura, "nenda Fukayosi ukamsomee bibi yangu jalada lako."

Nilikwenda kwa kujikokota, ikiwa imebaki siku moja kabla ya onyesho. Bibi huyo, Bi Mwantumu, alikuwa jikoni akimenya mihogo na wifi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, soma."

Niliposoma, wakacheka hadi visu vikawekwa chini.

"Kimya? Nani kakusimulia?" akauliza Bi Mwantumu.

"Wazee wanne, bibi."

"Wanaume?"

"Ndiyo."

"Binti alikimbilia Mkange, akaolewa, akazaa!"

"Mwongo wewe!" wifi akamkatiza. "Aliburutwa, akiwalaani njia nzima!"

Wakabishana. Kalamu ikanishinda. "Sasa ukweli ni upi, bibi?"

"Kwani mimi nilikuwepo? Ulipokuja kuandika hadithi, ulipita hapa jikoni ukaenda barazani, hata maji hukuomba. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mwache na mjukuu wangu avute."

Nilikiandika kibali palepale, gotini. Nilipofika mjini, mwenye ukumbi alikwishaukodisha kwa watu wa harusi, na wachezaji walikwishatawanyika. Zuhura alikisoma kibali, akanirudishia. "Kiweke jaladani," akasema. Mchezo ule haukuchezwa kamwe.

Mpaka leo sijui kama binti alikwenda kimya, alikimbia au aliburutwa. Na kwa mtu wa kumbukumbu, hilo linaudhi. Lakini nasaha yangu naijua, mwanangu. Ukipewa mamlaka juu ya hadithi ya wote, tafuta kwanza ambaye hakuulizwa. Na msichana akitaka kuisimulia upya, mpe jukwaa wakati angali na wachezaji. Usingoje upate uhakika, maana mimi niliungoja na haukuja.

Mwenyezi Mungu akujaalie sikio pana na mkono usio mwepesi wa kukataza. Amina.