Siku Tano Barabarani Kulifuata Jua Hispania

Mume wangu Emanueli alikuwa mwalimu wa fizikia Bujumbura kabla hatujahamia Uswidi. Miaka mingi aliwaeleza wanafunzi kupatwa kwa jua akitumia chungwa na koroboi, naye mwenyewe hajakushuhudia hata mara moja. Basi aliposikia kwamba jua litapatwa lote kaskazini mwa Hispania, alikodi husbil, gari lenye vitanda na jiko, kisha ndipo akaniambia.

Asubuhi ya kuondoka, nyumbani kwetu Farsta, tulilipima gari. Lilikuwa limezidi uzito unaoruhusiwa na leseni zetu za udereva.

"Mama Aline, punguza unga wako," akasema.

"Na hiyo darubini? Na zile stendi mbili?"

"Hivyo ni vya kazi."

Nikashusha unga, maharage na sufuria kubwa. Bado tukazidi. Tukamwaga maji ya kuogea. Hivyo ndivyo nilivyovuka Denmaki na Ujerumani: mkavu, nikitafuna mikate, huku Emanueli akinisomea habari za mawingu kutoka kwenye simu kila nilipopokea usukani.

Siku ya tano, alasiri, tulifika shambani kwa Pilar, mjane anayekodisha nafasi za kuegesha. Alimtazama Emanueli akipanga vyombo vyake, akamwambia kwa Kifaransa, "Hapa hutaona kitu. Jioni jua linajificha nyuma ya kile kilima."

"Nimepiga hesabu, mama."

"Na mimi nimezaliwa hapa."

Wakabishana karibu saa nzima. Uvumilivu ukaniisha. Nilichukua ufunguo, nikampakia Pilar mbele, nikamwambia mume wangu achague: gari au hesabu. Akapanda na vyombo vyake, amenuna. Pilar akatuelekeza hadi malishoni, juu, ambako magharibi yote ilikuwa wazi.

Jioni, mwanga ulianza kufifia kama wa taa inayoishiwa mafuta. Upepo ukawa baridi. Ghafla giza. Jua likawa duara jeusi lenye nywele nyeupe pande zote, na nyota moja ikatoka kando yake. Pilar akapiga ishara ya msalaba. Mimi nililia, sijui kwa nini.

"Emanueli, tazama juu!"

"Subiri, kichujio kimekwama!"

Alikuwa ameinamia darubini, akikivuta kile kioo cheusi cha kukingia jua kwa vidole vyote kumi. Alipoinua kichwa, mwanga ulikuwa umesharudi.

Akaketi nyasini. Nilikuwa na maneno tele ya kumwambia. Badala yake nikaketi kando yake.

Njiani kurudi, Ufaransa, aliuliza, "Lilikuwaje?" Nikamweleza. Ujerumani akauliza tena, safari hii kuhusu rangi ya anga. Kufika daraja la kuingilia Uswidi nilikuwa nimesimulia mara nne, na kila mara alisikiliza kama mwanafunzi wa dawati la mbele.

Nilichojifunza ni kwamba mtu aweza kukifuata kitu siku tano, kikamfikia, akakipa kisogo. Tena mtu huyo ukawa umeolewa naye.

"Mwakani linapatwa tena," alisema juzi mezani. "Kusini zaidi."

Nikamwambia ana wazimu. Kesho yake, kazini, nikaomba likizo.