Msomaji wa Nyayo
Mtegaji wa koyote, mbwa mwitu wadogo wa Amerika wanaokula kondoo, hapiti hatua tatu bila kupiga goti. Hugusa unyayo kwa kidole kidogo, hunusa kinyesi, hufumba macho, kisha hutangaza umri wa mnyama na hata hasira zake. Mitego huichemsha, glavu hazivui, asije akaacha harufu ya binadamu; sigara tu ndiyo haimtoki mdomoni. Leo Verlene, mwenye ranchi, aliyekwisha kupoteza wanakondoo tisa, kamkuta kauinamia mtego uliofukuliwa na kupinduliwa. Juu ya mtego huo kulikuwa na kinyesi kinachofuka mvuke.

"Haya bwana, tusomee na hicho."

Akapiga goti, akanusa, akafumba macho.

"Ni dume, mama, ana miaka minne," akasema. "Na ananiogopa sana."