Mashine ya Mama Mkwe Iliyonisuta

Jamani, aibu ninayo, ila bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Mkuyuni, maana kule bado wanacheka.

Mnaijua kazi yangu: nafuata meli bandari kwa bandari, leo Tanga, mwezi ujao Durban, nahudumia injini na shafti zinazozungusha propela, halafu narudi nyumbani Mafiga, Morogoro, kupumzika. Likizo moja mchumba wangu Zuhura akanipeleka kwao Mkuyuni kujitambulisha, na mwenye kauli alikuwa mjomba wake, kwa sababu kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba akikataa umekataliwa. Tukamkuta kwenye mashine ya kusaga ya mama yake Zuhura, anasubiri unga wa ugali wa wageni (wageni wenyewe ndio sisi), na foleni ya akina mama wenye ndoo imefika barabarani.

Sijamaliza shikamoo, mota ikaguna ikazima. Mama akasema ni waya umelegea, huwa inatokea, ngoja achukue bisibisi. Hapo ningenyamaza tu! Lakini mjomba alikuwa ananitazama, nikamwambia mama apumzike, mimi natengeneza mashine kubwa kuliko nyumba hii. Nikafungua, nikazitoa nyaya zote tatu, nikazisafisha, nikazirudisha zikapendeza, huku foleni nzima naipa habari za meli. Sasa, ukishagusa nyaya za mota unaiwasha kwanza kidogo tu uone inazungukia upande gani, na wenzangu kazini huwa nawagombeza kwa hilo. Mimi siku hiyo nikafunika, nikawasha, nikamwaga debe zima la mahindi.

Mahindi yakarudi. Yalitokea juu kule kule nilikoyamwagia, nusu punje nusu chenga, yakaiangusha kofia ya mjomba, koti lake jeusi likawa jeupe, akina mama wakakimbia na ndoo zao, na mimi badala ya kuzima nikawa naziba mdomo wa mashine kwa ungo (injinia huyo!).

Mama hakupaza sauti. Alizima, akaisikiliza mota inavyosimama, akasema, "Mwanangu, umeigeuza. Inazunguka kinyume."

Akakata umeme ukutani, akazibadilisha nafasi nyaya mbili, akaigusa swichi kidogo, akachungulia, ndipo akawasha. Zuhura akaninong'oneza kwamba tangu baba yake afariki mama anaihudumia mwenyewe, hajasomea popote, na beringi ikianza kuchoka anaisikia akiwa jikoni. Nimefanya kazi na mainjinia wakubwa, lakini mikono iliyotulia vile sijaiona, na kwa kweli nilimstaajabia mpaka nikasahau kwamba nimeharibu posa yangu mwenyewe.

Baada ya kula mjomba akakohoa, mimi nimeinamisha kichwa nangoja kufukuzwa.

"Kijana apewe mke," akasema. "Fundi tunaye tayari."

Tangu siku hiyo, nikifika pale mashineni swali langu ni moja tu: mama, gunia niliweke wapi?