Komeo, mlinzi asiyeshika ufunguo

Saa moja asubuhi, mwanamke mwenye mtoto mgongoni anagonga geti la zahanati. Mlinzi anainuka kwenye stuli yake, anaitikia, "Nimesikia, mama," kisha anakimbilia ndani kuomba ufunguo. Wa kwake walishamnyang'anya.

Wenzake walimpachika jina la Komeo, maana hakuna aliyejua kufunga geti kama yeye. Alikuwa akicheka nao. Siku hizi hakuna anayelitamka jina hilo, na ukimya huo unamuuma kuliko matusi.

Ukutani kuna kibao alichokigongelea misumari mwenyewe: ni kosa la jinai kumshambulia mhudumu wa afya, au kumzuia mtu yeyote kupata huduma. Kililetwa baada ya kundi la vijana kuingia kwa hila, wakidai wamebeba mgonjwa mahututi, na kumpiga muuguzi mpaka akavunjika taya. Komeo ndiye aliyewafungulia.

"Nilikifurahia kile kibao," anasema. "Nikajua na mlinzi sasa kapata wa kumlinda."

Miezi michache baadaye kijana mmoja alifia wodini, na rafiki zake wakaja na mawe. Muuguzi yule yule alimpigia kelele Komeo afunge na asimfungulie mtu. Akafunga. Vioo vikapasuka, wagonjwa wakajificha chini ya vitanda. Katikati ya vurugu hiyo mwanamume mmoja aligonga geti akilia kwamba mkewe anajifungua. Komeo akajiambia, safari hii hawanipati.

Mtoto alizaliwa nje, kwenye vumbi, wakunga wakiwa upande wa pili wa ukuta. Hakulia.

Warusha mawe hawajapatikana mpaka leo. Aliyepatikana ni mtu aliyekuwa kazini kwake, amevaa sare. Ameshtakiwa kwa kumzuia mgonjwa kupata huduma, kwa sheria ile ile ya kwenye kibao, na anaweza kufungwa miaka mitano. Inatia hasira, lakini huwezi hata kusema sheria imekosea. Mtu yeyote ni mtu yeyote.

Yuko nje kwa dhamana, na wiki ijayo anajitetea. Wakili anamtaka aseme kelele zilikuwa nyingi, hakusikia kitu. Mkewe naye amemwomba mpaka machozi yamemkauka.

"Sema hukusikia, baba watoto," alimwambia. "Neno moja tu. Ukifungwa, mimi na hawa wanao tutashika wapi?"

Lakini kuna jambo Komeo alilisikia sokoni. Baba wa yule mtoto amekuwa akiwaambia watu kwamba kosa ni lake, kwamba laiti angegonga kwa nguvu zaidi, mlinzi angesikia.

Ukimuuliza anatumaini nini, hataji kuachiwa. Anataka siku ya kujitetea yule baba awepo mahakamani, akae karibu.

"Aligonga sawasawa," anasema. "Nilimsikia, na sauti ya mkewe niliisikia. Hilo nitalisema mbele yake, halafu wanipeleke wanakotaka."

Mkewe, aliyemletea chai na kusimama nyuma yetu muda wote huo, anaweka kikombe chini na kuondoka.