Sababu Zilizoandikwa Kwenye Kura

Mwaka wangu wa pili Habaswein nilipewa Gredi ya Sita, Kiswahili na maarifa ya jamii. Watoto wale waliweza kukariri kazi za chifu na za gavana bila kukosea, lakini ukiwaambia waandike sentensi moja ya kwao wenyewe, kalamu inasimama na macho yanakutazama. Kiswahili kwao ni lugha ya darasani; nyumbani ni Kisomali. Nikaanza kuyaunganisha masomo mawili. Tulisoma matangazo yaliyobandikwa kwenye ofisi ya chifu, tukaandika barua za kuomba maji, na tulipofika mada ya uongozi nikasema tutachagua kiranja kwa kura. Kila mtoto ataandika jina la anayemtaka, na chini yake sentensi moja inayoanza na "kwa sababu".

Nilijivunia wazo hilo. Sikulifikiria hadi mwisho.

Wagombea walikuwa wasichana wawili, wa koo mbili zilizokuwa zimepigana wiki hiyohiyo kwa ajili ya malisho, si mbali na mji. Watu walikuwa wameumia. Asubuhi ya uchaguzi mwalimu mkuu aliniita.

"Ahirisha."

"Hawa ni watoto tu," nikasema.

"Watoto wana baba zao."

Hakunikataza zaidi ya hapo, nami nikajifanya sikuelewa. Mimi ni mzaliwa wa Garissa, upande wa mtoni, si wa ukoo huu wala ule. Labda ndiyo maana niliona jambo lenyewe ni jepesi.

Tulipiga kura kabla ya mapumziko, kwenye katoni ya biskuti. Nilihesabu mbele yao, nikitaja majina peke yake; sababu nilizisoma kimoyomoyo. "Kwa sababu ni wa kwetu." "Kwa sababu ni wa kwetu." Karatasi baada ya karatasi, pande zote mbili. Kisha nikafika kwenye moja iliyoandikwa kwa herufi zinazolalia kushoto: "Kwa sababu siku nilitapika darasani wote walicheka, yeye alileta mchanga akafunika."

Mwandiko ule niliujua. Ulikuwa wa msichana aliyeketi karibu na dirisha, ambaye tangu Januari hakuwahi kuandika neno lisilokuwa ubaoni. Na alikuwa amemchagua mtoto wa ukoo mwingine.

Matokeo yalikuwa kumi na tisa kwa kumi na nane. Kila mtoto mle ndani alijua wa kwao ni wangapi, na upande uliozidi kwa mtoto mmoja ndio uliokuwa umeshindwa. Nilimwona msichana wa dirishani akiinamisha kichwa.

Walikwenda nyumbani kula chakula cha mchana. Waliporudi, wanaume watatu walikuwa wamesimama nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, na aliyezungumza kwa niaba yao alikuwa baba yake yule msichana wa dirishani.

"Mwalimu, hatuna ugomvi na wewe, wallahi," akaniambia. "Tunataka karatasi tu. Kila mzazi anajua mwandiko ya mtoto yake. Tutajua nani alitugeuka."

Nilimtazama nikaona hana habari hata kidogo.

"Wape, mwalimu," mwalimu mkuu akasema bila kuinua uso. "Waone, waende zao."

Nikasema ziko darasani, naenda kuzileta. Nilikuwa nimewafundisha kwa kinywa changu kwamba kura ni siri, kisha nikawapa kura ambayo kila mmoja ameacha mkono wake juu yake. Niliingia, nikachukua katoni. Msichana alinitazama mara moja, akarudisha macho kwenye dawati.

Sikurudi ofisini. Nilikwenda jikoni, mpishi, ambaye sote tulimwita Edo, yaani shangazi, alikokuwa akisugua sufuria kubwa, makaa bado mekundu kwenye mafiga.

"Edo, nipishe kidogo."

"Hizo si kazi za watoto?"

"Ndizo."

Nikazisukuma zote motoni. Ile yenye herufi za kulalia kushoto ilijikunja mbele ya macho yangu. Ilikuwa sentensi ya kwanza ya yule mtoto.

Baba yake alifika mlangoni moshi ukiwa bado mzito. "Umechoma nini?"

"Kura. Nilikosea kuwafanya waandike sababu. Kura ni siri."

Alitazama majivu. "Basi umeiba kura," akasema. Sauti yake haikupanda.

Ushahidi wangu wote ulikuwa umeshaungua.

Kesho yake nusu ya madawati yalikuwa matupu. Mwalimu mkuu alifuta uchaguzi na kuniandikia barua ya onyo, na sikuipinga. Kwa siku tisa nilifundisha upande mmoja wa darasa, nikishtuka kila lango lilipogongwa. Kisha wazee wa koo zote mbili wakakaa, wakaelewana juu ya malisho, na watoto wakaanza kurudi. Si kwa jitihada yangu yoyote.

Msichana wa dirishani alirudi wa mwisho. Baba yake alimleta mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Siku hizi wanaandika nini?"

"Tunachora ramani ya mji."

Akafikiri. "Ramani ni sawa."

Akamwambia bintiye maneno machache ya Kisomali, akaondoka. Mtoto akaketi, akachora barabara ya kwenda Wajir, soko la mifugo, msikiti na shule, akaandika majina ya mahali hapo vizuri. Majina tu. Muhula wa tatu ulikuwa umefika katikati ndipo akaandika tena sentensi nzima.